Mwambie Nimekutuma Mimi

Ascoli Piceno, 18 Januari 1987

Mwanangu Tiziano,

Salamu zangu zikufikie kabla huo ukungu wa Torino haujazimeza. Sisi huku hatujambo. Asubuhi ya leo nimelifuta vumbi kaburi la baba yako, nikamweleza kaka yangu kwamba mwanawe amepata kazi kwenye karakana ya tramu, maana najua wewe uliondoka bila kumuaga. Mtungi wa zeituni uliousahau juu ya meza ya jikoni bado upo. Sijui mtu anasahauje zeituni.

Ijumaa lori la samaki kutoka San Benedetto lilichelewa, na mtaa mzima ukasimama na vikapu ukinisubiri mimi nifungue mashavu ya samaki wa kwanza. Hata Nazzarena wa ghorofa ya chini, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna mtu mwingine anayejua kitu, huwa anauliza, "Ermelinda, wa leo je?" Nikisema chukua, anachukua. Nikisema acha, anaacha. Mali sina, na mume nilimzika zamani, lakini sokoni nina heshima yangu.

Sasa nisikilize. Mimi sisemi kitu, lakini ningekuwa ni wewe ningevaa fulana ya sufu mpaka Mei. Usitoke nje na nywele mbichi. Mkate usinunue kwenye duka la stesheni. Mtazame mwanamke mwenye kikapu kizito, umuulize mkate wake anautoa wapi. Na nywele zako usimpe mtu yeyote isipokuwa Sestilio, yule wa kwetu niliyesoma naye darasa moja, mtoto wa Cesira muuza maua. Duka lake la kinyozi liko huko huko Torino, nyuma ya soko kubwa, kila mtu anamjua. Mkono wake ni mwepesi na hasemi ovyo. Mwambie nimekutuma mimi.

La mwisho: Catia, binti wa mwenye duka la dawa, amekuulizia mara mbili. Mimi sisemi kitu.

Shangazi yako,
Ermelinda

Mistari ikipanda usishangae. Kalamu hii ni mbovu.


Torino, 22 Februari 1987

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Najua nimekawia. Zamu za karakana zimenibana, na nikirudi nyumbani nalala na viatu. Lakini ni mzima. Fulana ya sufu naivaa na inaniwasha kuliko upupu. Mkate nimepata mzuri, kwa njia ile ile uliyonifundisha, ingawa mwanamke mwenye kikapu alidhani nataka kumwibia.

Kwa Sestilio nimeshakwenda, Jumamosi iliyopita. Nilimwambia umenituma wewe, akafurahi sana, akaniketisha mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri, akanipaka na manukato ambayo sikuyaomba. Anakusalimu. Anasema hajasahau ulivyokuwa mkali darasani.

Habari ya Catia nimeisoma. Huku kuna baridi kweli.

Shangazi, kalamu yako haina kosa. Barua ilianza juu kushoto ikaishia pembeni kama iliyokuwa ikikimbizwa, na maneno mengine yamepandana. Kwenye bahasha umeandika namba ya nyumba mara mbili. Nami sisemi kitu, lakini ningekuwa ni wewe ningemwona daktari wa macho.

Wako,
Tiziano


Ascoli Piceno, 15 Machi 1987

Tiziano,

Nakusalimu mimi, na anayekusalimu pamoja nami ni Sestilio. Ndiyo, huyo huyo. Alifunga duka lake mwishoni mwa Januari kwa sababu ya magoti, akarudi kwao kupumzika, na sasa kila siku yuko jikoni kwangu. Barua yako ilifika jana tukinywa kahawa, akaisoma kwa sauti. Alipofika pale anapokuketisha mbele ya wateja wawili, alivua miwani, akasema, "Ermelinda, kumbe mimi ni mtu mwema hivi?" Hajakuona tangu siku ya ubatizo wako, na siku hiyo hukuwa na nywele.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakasirika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, mwanangu, haikufika hata kona ya kwanza. Najua, kwetu hakuna mtu anayesema "sikwenda". Mtu akikuelekeza mahali unashukuru, na mkikutana tena unasema ulikwenda na kulikuwa kuzuri, ili asiumie. Mimi mwenyewe nimesifu keki za binamu yake Nazzarena kwa miaka, na sijazitia mdomoni. Lakini huko ni kwa majirani. Mimi ndiye niliyekulea. Kwa hiyo nauliza, na nataka jibu: nani anakukata nywele?

Kuhusu macho yangu, ni mazima. Uzi natia kwenye sindano bila kuwasha taa. Barua hii anaiandika Sestilio kwa sababu mikono yangu ina unga.

Shangazi yako,
Ermelinda

Tiziano, ni mimi Sestilio. Maneno haya si yake. Nayaandika mbele ya pua yake naye anadhani namalizia anwani, kwa sababu haoni. Kahawa aliyoitaja hapo juu aliitia chumvi badala ya sukari, nami nikainywa yote. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima alimchagulia Nazzarena vibua, akawafungua mashavu kwa vidole vyake mwenyewe, akasema chukua. Nyumba nzima ya Nazzarena iliugua tumbo. Nazzarena hakusema neno, na angesema ingekuwa afadhali. Juzi Ijumaa alimpita shangazi yako pale sokoni kama anayepita nguzo, akamuuliza muuza samaki mwenyewe, na wengine wote wakafuata. Ermelinda alirudi na kikapu kitupu. Ananiambia hapendi samaki tena. Ningekuwa ni wewe ningefanya jambo. Na kweli, nani anakukata nywele?


Torino, 21 Machi 1987

Shangazi mpendwa, shikamoo, na wewe Mzee Sestilio unayesoma, shikamoo pia. Naomba uisome yote, usiruke mahali.

Shangazi, umenikamata. Nilitaka ufurahi, nikaongeza na manukato juu yake. Lakini mtego huu umetunasa sote wawili. Mwenye macho mazima husomewa barua kwa nini? Mwenye unga mikononi hunawa. Wahenga walisema nyani haoni, na hapo naachia, nisije nikamalizia mbele ya mzee wa watu.

Nimeuliza huku. Yuko daktari mmoja, Profesa Bonanate, kazi yake ni kutoa mtoto wa jicho. Kuna mtu mmoja ninayemfahamu, mama yake alipasuliwa na yeye mwaka juzi, na leo anasoma hata yale maandishi madogo kwenye chupa za dawa. Njoo, shangazi. Utakaa kwangu. Nitaomba likizo.

Usidhani nafanya mzaha. Naogopa. Nazijua ngazi za nyumba yetu, ile ya nne iliyovunjika kona, na kila nikilala nakuona unaikanyaga. Umenifundisha kula, kuvaa, kuchagua mkate. Mara hii moja nipokelee na mimi neno langu.

Wako,
Tiziano


Ascoli Piceno, 28 Machi 1987

Mwanangu,

Tu wazima, isipokuwa magoti ya Sestilio. Siku ya Mtakatifu Yosefu nilikaanga maandazi ya krimu, yakaungua upande mmoja, Sestilio akasema ndivyo anavyoyapenda. Kumbe kusema uongo mmejifunza pamoja.

Sasa, huyo "mtu mmoja" ndiye nani? Ana mama, na mama yake ana macho, ila jina ndilo hana? Mimi nikikupeleka kwa kinyozi nakutajia kinyozi, mama yake na alichokuwa akiuza. Nikikuambia jibini, nakuambia ya nani na kondoo wake wanalisha wapi. Sijapata kumwelekeza mtu kwenye kitu ambacho hakijapita mkononi mwangu au mdomoni mwangu. Halafu wewe unataka nimkabidhi mtu macho yangu, nami ninayo mawili tu, kwa maneno ya mtu mmoja.

Nitakuambia la moyoni, maana Sestilio amekohoa mara tatu tangu tuanze, na najua kikohozi chake kina maana gani. Nilimpa Nazzarena samaki wabovu. Nilikuwa na mafua sikunusa vizuri, na macho yakanionyesha wekundu mahali palipokuwa na kijivu. Mpaka siku ile sikujua kwamba nimefika huko. Aibu hiyo hainitoki, nikila ninayo, nikilala ninayo. Mtaa huu ulikuwa ukiniuliza kila kitu: daktari wa meno, kitambaa cha mapazia, wakati wa kung'oa vitunguu saumu. Sasa wananisalimia tu. Mtu akiacha kuulizwa, mwanangu, anakuwa kama kiti cha ziada, kila mtu anakizunguka.

Na huyo profesa wako akikosea, nitakuwa kipofu kweli. Sasa hivi bado naweza kusema ni kalamu.

Basi usiniandikie tena habari za mtu mmoja.

Shangazi yako,
Ermelinda


Torino, 5 Aprili 1987

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Anaitwa Ornella Ghibaudo, na ndiye anayenikata nywele.

Ana kiduka chake mwisho wa njia ya tramu namba tatu. Niliingia siku moja kujikinga na mvua, nikiwa njiani kwenda kumtafuta Sestilio, hilo nakuapia. Amenizidi miaka mitano. Aliolewa zamani, wakaachana, hana mtoto. Anacheka kwa sauti kubwa, na hakuna anachopika kikalika. Sikukuambia kwa sababu ya Catia, na kwa sababu nilijua utaniambia husemi kitu, halafu kutosema kwako kutanifuata mpaka karakana. Nampenda, shangazi. Sikujua namna ya kuliandika hilo kwenye karatasi moja na fulana ya sufu.

Mama yake ni Delfina, alishona glavu maisha yake yote. Nilimsomea barua yako, unisamehe. Akasema, "Chukua kalamu, andika kama ninavyosema." Maneno yake ni haya:

"Bibi Ermelinda, mimi nilikaa mwaka mzima nikiwaambia watu kwamba taa za nyumba hii ni hafifu. Mwanangu alibadilisha balbu zote, nikaendelea kusema ni hafifu. Kwa hiyo, kalamu yako hiyo naijua. Kupasuliwa hakuumi. Kinachoumiza ni baadaye, unapokatazwa kuinama mwezi mzima, maana hapo ndipo utakapoona vumbi lote lililokuwa chini ya kabati, na huna ruhusa ya kulifuta. Sikwambii kwamba sikuogopa. Niliogopa, nikaenda. Ningekuwa ni wewe ningekuja. Utalala kwangu, si kwa Tiziano, kwake pachafu. Na ukifika kwa profesa, mwambie nimekutuma mimi."

Basi, shangazi, jina unalo, mama unaye, na alichoshona unakijua. Na macho yaliyopita mkononi mwa daktari yapo hapa, yananitazama ninavyoandika, yanasema mwandiko wangu ni mbaya.

Wako,
Tiziano


Ascoli Piceno, 22 Aprili 1987

Mwanangu,

Pasaka imepita na sikukujibu. Nilikuwa nafikiri.

Miaka mitano, talaka, na hajui kupika. Mimi sisemi kitu.

Huyo Delfina anajua kuzungumza. Lile la vumbi halikutungwa, mtu ambaye hakupitia asingelijua. Nitafika Jumapili na treni ya jioni. Naleta mitungi miwili ya zeituni, mmoja wa Delfina na mmoja wa profesa, mkono mtupu haulambwi. Wako uliusahau mwenyewe, huo wa profesa ndio huo.

Ermelinda

Ni Sestilio. Amelia kidogo, sasa anatafuta koti lake jema na liko mbele yake. Ameniambia nimpakie tu kwenye treni. Nitakuja naye mpaka Torino, magoti yatajua yenyewe.


Ascoli Piceno, 14 Juni 1987

Mwanangu Tiziano,

Tazama mistari. Imelala.

Ni jicho moja tu, la pili Profesa Bonanate atalifanya mwezi wa kumi, lakini kwa hili moja naona mpaka kengele ya kanisa la ng'ambo ya mto, na naona kwamba Sestilio ananyoa kidevu upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Nimejitazama kwenye kioo pia. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na sura ya miaka sitini akilini mwangu, nikakuta mwanamke mwingine ananisalimu. Nimemzoea sasa.

Una droo kando ya kitanda chako ambayo haifungiki. Siku moja nilipokuja kwako ukiwa kazini, nami nimekatazwa kuinama, kushona na kufagia, nilisoma barua zangu zote. Nimeyaona aliyoyaandika Sestilio mbele ya pua yangu. Yeye hajui kama najua. Jana nilimpa kahawa yenye chumvi, safari hii kwa makusudi. Akainywa mpaka mwisho, akasema ni nzuri. Sikuwa na la kumfanya mtu wa namna hiyo, nikamtengenezea nyingine.

Ijumaa nilikwenda sokoni. Sikuwa nimemwambia mtu. Lori lilikuwa limefika, nami nikasimama nyuma kabisa kama mgeni. Nazzarena alikuwa mbele yangu, ameshika changu mkubwa. Niliyaona mashavu yake kutoka pale niliposimama, ya kijivu kabisa. Mdomo uliniwasha, mwanangu, usifanye mchezo. Lakini nikajiambia, Ermelinda, hujaulizwa. Muuza samaki akachukua karatasi amfunge. Nazzarena hakugeuka kunitazama. Alimwinua tu yule samaki juu ya bega lake, nyuma, mahali nilipo, akasema, "Na huyu je?"

Nikasema, "Mwache."

Akamrudisha. Muuza samaki alinitazama kama niliyemwibia, akatoa mwingine kutoka chini ya barafu. Tulirudi nyumbani pamoja, kila mtu na kikapu chake, na habari ya vibua hakuna aliyeigusa. Tulipofika kwenye ngazi ile ya nne alinishika kiwiko, ingawa sasa naiona. Halafu akaniomba jina la profesa, maana dada yake naye analalamikia taa. Nimemwandikia. Nililomwambia aseme akifika unalijua.

Sasa nije kwako. Ornella anapika vibaya, hilo lisemwe na lijulikane. Ule mchuzi wa Jumatano sitausahau. Lakini wiki zile niliposhindwa kuinama alinilaza kichwa kwenye beseni kila Jumamosi, akaniosha nywele bila tone moja kugusa bandeji, na hakuniruhusu nikaribie mlango mpaka zikauke. Lile la nywele mbichi sikumwambia. Hakuna aliyemwambia. Nilikaa pale chini ya mikono yake nikafikiri, huyu mtu nimempata wapi.

Miaka yote nimekuwa nikisema sisemi kitu. Leo nasema. Catia atapata mume mwingine, duka la dawa halikosi wateja. Wewe vaa shati jeupe, nunua maua, na usichukue yale ya makaburini kama alivyofanya baba yako, halafu nenda kwa Delfina ukamwombe binti yake. Najua Ornella ni mtu mzima na hana haja ya kuombewa. Nenda hivyo hivyo. Mama hupenda kuulizwa.

Mwambie nimekutuma mimi.

Shangazi yako,
Ermelinda